Mafuta ya Kunukia ya Mimea Yanaposhindwa Kudhibiti Kupe: Kusoma Dalili na Kutafuta Kisababishi

Mtu aliyenyunyiza mafuta ya mchaichai, karafuu au mkaratusi, na baada ya siku mbili akawakuta kupe wangali wameng'ang'ania masikioni mwa mnyama wake, kwa kawaida huchukua hatua moja tu: huongeza dozi. Hatua hiyo ndiyo inayopaswa kuchelewa kuliko zote. Mafuta haya hushindwa kwa namna mbalimbali, kila namna ina dalili zake, na ni chache mno zinazotibika kwa kuongeza ukolezi. Katika nyingine zote, dozi kubwa huiacha idadi ya kupe palepale na badala yake huleta ngozi iliyoungua au paka anayetetemeka.

Mafuta ya kunukia, ambayo wengine huyaita mafuta tete, ni yale yanayopatikana kwa kukeneka majani, maua, magome au mbegu kwa mvuke, au kwa kukamua maganda ya matunda ya jamii ya michungwa. Sifa yake kuu ni kwamba huruka hewani. Mafuta ya mwarobaini yanayokamuliwa kwenye mbegu hayamo katika kundi hili, ingawa mara nyingi huwekwa rafu moja nayo. Hayo hayaruki, na viambato vyake huvuruga polepole ukuaji wa kupe na kujivua kwake, kwa hiyo mtu asiyeona kupe waliokufa siku ya pili baada ya kuyatumia hajaona bado dalili ya kosa lolote.

Kabla ya kuchunguza, ni lazima pia kuamua ni kazi gani iliyotarajiwa. Kumfukuza kupe asipande na kumwua kupe aliyekwisha kupanda ni mambo mawili. Kiasi kinachomfanya kupe ageuze njia kinaweza kuwa kidogo mno kuliko kile kinachomwua, na malalamiko mengi huzaliwa hapo: mtumiaji ametumia kipimo cha kufukuza, kisha akangojea maiti.

Yalifaa kwa muda mfupi, kisha kupe wakapanda tena

Hii ndiyo dalili inayojitokeza kuliko zote, na kisababishi chake kimo katika jina lenyewe la mafuta tete. Kupe hunusa kwa kiungo kiitwacho kiungo cha Haller, kilichoko karibu na ncha ya jozi ya kwanza ya miguu. Ndiyo maana anapovizia juu ya jani huinyoosha miguu hiyo mbele kama mtu anayepapasa gizani. Mvuke wa mafuta huvuruga unusaji huo. Maadamu mvuke upo, kinga ipo. Ukiisha, kinga imekwisha, hata kama pua ya binadamu bado inapata harufu hafifu na kumdanganya mwenye nayo.

Kasi ya kuisha hutegemea kiambato. Limonini ya maganda ya machungwa na pinini ya misonobari ni nyepesi na huondoka mapema. Eujenoli ya karafuu na thimoli ya thaimu hukawia zaidi. Joto la mwili, upepo, jua na jasho huharakisha yote, na sitrali, ambayo ndiyo kiambato kikuu cha mchaichai, huharibiwa pia na mwanga na hewa.

Hapa inafaa kueleza kwa nini matokeo ya maabara hutofautiana sana na yale ya malishoni. Kipimo kimoja kinachotumika sana huwaweka kupe wachanga ndani ya karatasi iliyolowanishwa mafuta, ikakunjwa na kufungwa pande zote kwa saa 24. Mvuke hauna pa kwenda, na kupe hana pa kukimbilia. Vifo vya asilimia 100 katika pakiti hiyo ni taarifa ya kweli, lakini havimwambii mtu chochote kuhusu fahali aliyesimama kwenye upepo saa sita mchana. Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya watu waliokata tamaa na mafuta haya walidanganywa na takwimu za pakiti zilizonukuliwa bila pakiti yenyewe kutajwa.

Marekebisho ya kwanza hayahitaji fedha: badilisha saa. Mafuta yanayodumu muda mfupi yanapaswa kupakwa mara tu kabla ya kuingia kwenye nyasi au kichaka, na kurudiwa wakati wa kukaa huko, badala ya kupakwa asubuhi kwa mazoea na kusahauliwa. Marekebisho ya pili ni kuyachanganya na mafuta mazito yasiyoruka, kama ya nazi au alizeti, yanayopunguza kasi ya mvuke kuondoka. Hasara yake ni kwamba manyoya hunasa vumbi, na kwa mnyama mwenye manyoya marefu mafuta hubaki juu bila kuifikia ngozi. La tatu ni kuchagua mafuta yenye viambato vizito zaidi.

Kwa binadamu anayehitaji kinga ya kutegemewa kwenye maeneo yenye magonjwa, liko jibu jingine ambalo watu huchanganya jina lake. Mkaratusi wenye harufu ya limau hutoa mafuta ghafi yaliyojaa sitronelali, ambayo huisha upesi. Sitronelali hiyo ikigeuzwa kiwandani hutoa kiambato kiitwacho PMD, kinachodumu kwa saa kadhaa, na ni bidhaa hiyo iliyosajiliwa, si mafuta ghafi, inayopendekezwa na mamlaka za afya. Haipaswi kutumiwa kwa watoto walio chini ya miaka 3. Mtu aliyenunua chupa ya mafuta ghafi akidhani ni PMD ataona dalili ileile ya kinga inayokatika mapema, na hatapata suluhisho kwa kuongeza matone. Vilevile, nutkatoni, inayopatikana katika balungi na aina moja ya mwerezi wa Alaska, ilisajiliwa Marekani mwaka 2020 kama kiambato cha kufukuza na kuua wadudu wakiwemo kupe. Usajili huo ulihusu kiambato kilichotengwa na kupimwa. Haukuhusu maganda ya balungi yaliyolowekwa nyumbani.

Kupe walilegea, kesho yake wakatembea

Viambato vingi vya mafuta haya hugusa mfumo wa fahamu wa kupe. Miongoni mwa njia zinazojulikana ni kuingilia vipokezi vya oktopamini, kemikali inayofanya kwa wadudu na kupe kazi inayofanana na ile ya adrenalini kwa wanyama. Kiasi kisichotosha humlewesha kupe: huachia, hulala chali, miguu hujikunja, na aliyenyunyiza hufurahi. Baada ya saa 24 sumu imeruka au imevunjwa mwilini, na kupe anainuka.

Anayetaka kujua kama mchanganyiko wake unaua au unalewesha tu anaweza kufanya jaribio dogo, na kwa kweli sioni njia nyingine ya kulijua hilo. Kusanya kupe 20 wa aina na ukubwa unaofanana, wagawe mafungu mawili. Fungu moja linyunyizie mchanganyiko wako kamili. Jingine linyunyizie maji na sabuni kwa vipimo vilevile, bila mafuta. Ukiacha fungu hili la pili, jaribio zima halina maana, kwa sababu sabuni peke yake huweza kuua kupe wadogo. Waweke katika mitungi iliyofunikwa kitambaa chepesi, isiyofungwa kwa kifuniko, kivulini na penye unyevu, maana kupe hufa kwa ukavu hata bila dawa. Waangalie baada ya saa 1, saa 24 na saa 72, na kila mara wapulizie pumzi: kupe aliye hai huitikia hewa ya ukaa iliyo katika pumzi kwa kuchezesha miguu.

Tuseme baada ya saa 72 wamekufa 9 kati ya 10 kwenye fungu la mafuta, na 4 kati ya 10 kwenye fungu la sabuni. Hesabu sahihi si asilimia 90. Bila mafuta wangebaki hai 6. Mafuta yameua 5 kati ya hao, yaani takriban asilimia 83. Mafungu yote mawili yakifa sawa, mafuta hayakufanya kitu. Wakilegea saa ya kwanza na kuamka siku ya pili, basi ukolezi ni mdogo au muda wa kuguswa ni mfupi, na hapa ndipo kuongeza ukolezi kidogo kunapokuwa na sababu, mradi ngozi ya mnyama iwe imejaribiwa kwanza.

Wadogo wanakufa, wakubwa hawafi

Kupe hupita hatua nne: yai, lava mwenye miguu sita, nimfu mwenye miguu minane, na mpevu. Lava ana ngozi nyembamba na mwili mdogo, hivyo mafuta humwingia upesi. Jike aliyejaa damu ana ujazo mkubwa na ngozi nene yenye nta. Kiasi kilichomaliza lava wote kinaweza kumwacha akiendelea kunyonya. Kwa hiyo dalili hii haionyeshi kwamba mafuta ni mabovu. Inaonyesha kwamba yamepakwa kuchelewa, na ratiba inapaswa kusogezwa hadi wakati lava na nimfu ndio wengi.

Hata hivyo, usihukumu haraka kwa jike aliyejaa. Baadhi ya mafuta hayamwui lakini huathiri utagaji wake. Mtenge katika mtungi kwa wiki mbili. Jike wa kupe wa ng'ombe aitwaye Rhipicephalus microplus hutaga mayai 2,000 hadi 3,000 hivi, na spishi nyingine hutaga zaidi. Akitaga machache yaliyonyauka yasiyoanguliwa, mafuta yamefanya kazi kubwa ambayo jicho lisingeiona juu ya ngozi ya mnyama.

Chupa hii haifanyi kama ile ya kwanza

Mmea wa jina moja hautoi mafuta ya aina moja. Thaimu ya mahali pamoja hujaa thimoli, ya pengine karvakroli, na ya pengine linalooli, ambayo ina tabia tofauti kabisa. Rozmari nayo hubadilika kati ya sineoli, kafuri na verbenoni. Msimu wa kuvuna, sehemu ya mmea na muda wa kukeneka huongeza tofauti. Lebo isiyotaja jina la kisayansi la mmea na sehemu iliyotumika haimwezeshi mtumiaji kurudia matokeo yake mwenyewe, na lebo inayotaja kiwango cha kiambato kikuu ni bora zaidi.

Kisababishi cha pili ni uzee. Chupa iliyofunguliwa mara kwa mara hujaa hewa, na limonini pamoja na viambato vingine huoksidika. Matokeo yake ni mabaya kwa pande zote mbili: nguvu dhidi ya kupe hubadilika, na mazao ya uoksidishaji huo huamsha mzio wa ngozi kuliko mafuta mabichi. Hifadhi katika chupa ya kioo cheusi, mahali pa baridi, na uhamishie kwenye chupa ndogo kadiri yanavyopungua ili hewa isipate nafasi.

Cha tatu ni kughushiwa. Tone likiwekwa kwenye karatasi nyeupe na kuachwa hadi kesho yake, mafuta mengi ya kunukia yaliyo safi hayaachi doa la ulainifu. Doa pana la kung'aa huashiria kwamba yamechanganywa na mafuta ya kupikia. Kipimo hiki hakigundui kilichochanganywa na kimiminika kingine kinachoruka, na mafuta mazito au yaliyokamuliwa bila mvuke huweza kuacha alama ingawa ni halali, kwa hiyo lichukuliwe kama dokezo tu.

Mnyama mmoja amepona, mwingine ameungua

Mafuta na maji havichangamani. Aliyemimina mafuta ndani ya bomba la kunyunyizia lenye maji na kulitikisa amepata mchanganyiko unaojitenga ndani ya dakika chache: wanyama wa kwanza hupata maji matupu, wa mwisho hupata mafuta yaliyoelea juu. Dalili hii hutambulika kwa urahisi, kwa kuwa kupe hupungua kwa mnyama mmoja huku mwingine akijikuna na kubabuka, ingawa wote wamenyunyizwa kutoka bomba lilelile.

Tiba yake ni mpangilio. Pima mafuta kwa mililita, usihesabu matone, kwa kuwa ukubwa wa tone hubadilika kwa chupa na kwa unene wa mafuta. Changanya mafuta na sabuni laini ya maji kwanza, mpaka yawe kitu kimoja, ndipo uongeze maji kidogo kidogo huku ukikoroga. Asilimia 1 maana yake ni mililita 10 katika kila lita ya mchanganyiko, yaani mililita 50 kwa lita 5. Tengeneza kinachotosha siku hiyo, koroga tena kila baada ya wanyama wachache, na suuza bomba mara unapomaliza, kwa sababu limonini na mafuta ya karafuu hulainisha baadhi ya plastiki na kuvimbisha mipira ya kuzuia uvujaji. Wengi hulilaumu bomba wakati kosa ni la kilicholala ndani yake usiku kucha.

Angalia pia mahali mchanganyiko ulipofika. Kupe hukaa ndani ya masikio, chini ya mkia, kwapani, kwenye kiwele na kati ya kwato; unyunyizaji wa mgongoni humlowanisha mnyama mahali ambapo kupe ni wachache. Maeneo hayo yapakwe kwa kitambaa, tena kwa ukolezi wa chini, kwani ngozi yake ni laini.

Waliopo wanakufa, lakini kila wiki wapo wapya

Hapa mafuta yanafanya kazi na tatizo liko kwingine. Kupe wengi huishi sehemu kubwa mno ya maisha yao nje ya mwili wa mnyama, na kupe mwenye njaa wa spishi fulani huweza kusubiri miezi mingi. Kupe wa kahawia wa mbwa huweza kukamilisha maisha yake yote ndani ya banda au nyumba, akijificha katika nyufa kila anapodondoka kutoka kwa mbwa. Kumwosha mbwa bila kugusa nyufa hizo ni sawa na kufuta maji sakafuni bomba likiwa wazi. Rhipicephalus microplus, kwa upande mwingine, hupanda akiwa lava na kubaki juu ya mnyama huyo mmoja kwa wiki tatu hivi hadi adondoke, kwa hiyo ratiba ya kumnyunyizia mnyama ina uzito zaidi kwake.

Nisingeshauri kunyunyiza mafuta ya kunukia malishoni kama njia kuu. Mvuke huondoka upesi, gharama ni kubwa, na mafuta hayo huwadhuru viumbe wengine, samaki hasa, yakiingia majini. Kufyeka nyasi ndefu kandokando ya banda na njia, kuziba nyufa, kuondoa matandiko ya zamani na kuwapumzisha wanyama mbali na eneo lililojaa kupe hupunguza idadi zaidi. Kwa nguo za mtu aliyetoka kichakani, kikaushio chenye joto kali kwa dakika 10 huwaua kupe waliomo nguo zikiwa kavu. Harufu ya lavenda haifanyi hivyo.

Ngozi imewasha, au mnyama ameanza kuyumba

Ngozi ikiwa nyekundu au ikitoa malengelenge, osha kwa sabuni laini na maji mengi, acha mafuta hayo, na usijaribu tena kwa kuyazimua hadi ngozi ipone. Mdalasini na karafuu huunguza upesi kuliko mengi mengine. Kabla ya matumizi yoyote mapya, paka sehemu ndogo na usubiri saa 24 hadi 48.

Paka ana hatari ya pekee, kwa sababu ini lake lina uwezo mdogo wa kugeuza na kuondoa fenoli (kemikali za jamii ya eujenoli na thimoli) na viambato vinavyofanana nazo, na tabia yake ya kujilamba humfanya ale kila kilichopakwa. Mafuta ya mti wa chai (tea tree, si mchai wa majani ya kunywa) yasiyozimuliwa yamewasumisha paka na mbwa. Kutoa mate, kutetemeka, miguu ya nyuma kulegea na kuyumba ni dalili za dharura: osha manyoya kwa sabuni ya vyombo, usimtapishe, na mpeleke kwa daktari wa mifugo ukiwa umeichukua chupa. Mafuta yenye pulegoni, kama ya mnanaa uitwao pennyroyal, hayana nafasi kabisa katika kazi hii, kwa mnyama wala kwa mtu. Watoto wachanga wasipakwe kafuri au mkaratusi usoni. Kwa mnyama wa maziwa, nyunyiza baada ya kukamua na uoshe kiwele vizuri kabla ya kukamua tena, kwa kuwa maziwa hunasa harufu kwa urahisi.

Kupe ameshang'ata na mafuta hayamtoi

Usimpake mafuta kupe aliyekwisha kung'ata ukingojea aachie. Humsumbua bila kumtoa haraka, na kila saa anayobaki huongeza nafasi ya vimelea kupita. Bakteria wa ugonjwa wa Lyme kwa kawaida huhitaji kupe awe ameng'ata zaidi ya saa 24, na vimelea vya ndigana kali huhitaji siku kadhaa za kunyonya. Mshike kwa kibanio chenye ncha nyembamba karibu kabisa na ngozi, mvute moja kwa moja bila kumzungusha, kisha safisha jeraha.

Mnyama mwenye homa, tezi zilizovimba chini ya masikio, mkojo mwekundu au fizi zilizopauka hahitaji mafuta mengine. Anahitaji matibabu siku hiyohiyo, na kundi lake linahitaji dawa ya kuogesha iliyosajiliwa, kwa kipimo cha lebo. Wala mafuta yasiongezwe ndani ya dawa hiyo ili kuipa nguvu: amitrazi, kwa mfano, nayo hugusa vipokezi vya oktopamini, na mafuta huweza kubadilisha kiasi cha dawa kinachopenya ngozi ya mnyama mwenyewe.